Maua ya Kimchi Mbele ya Jengo Namba 104

Benchi letu sisi wazee liko mbele ya jengo namba 104, kando ya ile mashine ya kahawa isiyotoa kikombe mpaka uipige kofi. Leo tumeipiga kwa hasira. Ofisi ya usimamizi wa maghorofa imebandika tangazo: mboga zote kwenye bustani ya maua zing'olewe leo saa nne. Na kabichi arobaini za Bi Okbun ndo kwanza zinajifunga, bado siku kumi tu ziingie kwenye kimchi, achari yetu Wakorea ya kabichi, chumvi na pilipili! Miaka miwili bibi wa watu kaulisha ule udongo majani makavu na makapi ya kahawa ya mkahawani, kavuta maji ya mvua kutoka bomba la paa, kapanda vitunguu saumu katikati kufukuza wadudu. Leo azing'oe? Inauma, bwana.

— Dawa yake ndogo, — akasema Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini. — Tuseme ni maua. Ofisi yenyewe si kila vuli inapanda kabichi za mapambo pale getini? Zile za zambarau?

— Zile haziliwi, mzee! — nikapinga.

— Nani kazionja?

Injinia, aliyeendesha katapila maisha yake yote, akaruka.

— Tuzipake rangi!

— Tuzifunge utepe! — nikadakia.

— Tulete bi harusi apigie picha hapa!

— Bi harusi tumtoe wapi?

— Si huyu Bi Okbun? Mjane, hana mtu.

— Nitakumwagia kahawa, Injinia! — Bi Okbun akafoka, huku anacheka mpaka meno ya bandia yanamcheza.

Basi tukafunga utepe mwekundu kabichi zote arobaini. Ndo tunamaliza, huyo Bi Seo, karani mpya wa ofisi, na koleo mkononi.

— Shikamooni. Nimefuata mboga.

— Mboga gani, binti? — Jenerali kajikakamua. — Haya maua.

Bi Seo akainama, akatazama utepe mmoja, akatazama wa pili. Akatabasamu.

— Kumbe! Basi yabaki mpaka theluji. Ila maua ya bustani hayachumwi, mnajua. Nani kayapanda, nimshukuru?

Jenerali akachungulia kikombe chake. Injinia akakumbuka kufunga kamba za viatu. Mimi nikakohoa.

Bi Okbun akasimama.

— Mimi. Na baada ya siku kumi nayachuma yote, nayatia chumvi. Ukitaka kunizuia, mwanangu, njoo na sahani.