Injini Isiyojua Kunawa

Benchi lile liliegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Asubuhi hiyo lilibeba watu watatu, wote wananuka dawa ya kusafishia injini, wote wamekasirika. Wa kwanza alikuwa Dereva, mwenye gari lililosimama hatua tano mbele yao. Wa pili Kinyozi mwenyewe, ambaye tangu alfajiri hakuwa amenyoa kichwa hata kimoja. Wa tatu mzee mstaafu waliyemwita Nukta, kwa kuwa kila alilosema alilifunga kwa neno hilo ili asijibiwe. Mwuza kahawa, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akiwamiminia huku akiwatazama mikono. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Gari lilikuwa la mmoja, lakini weusi waligawana sawasawa, na hakuna aliyebembelezwa kuja. Kwa hiyo akawajazia vikombe mpaka ukingoni.

Mwezi uliopita gari lile lilitetemeka kama mgonjwa wa homa, likazimika mlimani, na mama yake Dereva akarudi nyumbani bila kufika kliniki ya macho. Leo ndiyo siku aliyopangiwa tena kupasuliwa jicho, saa sita kamili. Fundi wa gereji alikuwa amesema kwamba valvu za kuingizia hewa zimegandwa na masizi. Alisema pia wasithubutu kuzisafisha nyumbani. Basi wakazisafisha nyumbani. Walifungua bomba la hewa, wakaziba matundu kwa vitambaa ili uchafu usidondokee ndani, wakashughulikia tundu moja moja: kumwaga dawa, kusugua, kufyonza. Kisha wakafunga kila kitu. Sasa ilikuwa saa nne, na kilichobaki ni kuwasha tu. Lakini kwanza kahawa, na hasira.

— Nimekwangua masizi ya kujaza kikombe hiki, alisema Dereva. Kikombe kizima! Gari lenyewe la juzi juzi!

— Sufuria ya kuni ina haya kuliko hiyo injini yako, Kinyozi akasema.

— Fundi anasema ndiyo tabia yake. Za zamani, petroli ilikuwa inapitia juu ya valvu, inazisafisha njiani. Hizi za siku hizi inarushwa ndani moja kwa moja. Valvu haionji hata tone.

— Haionji? Yaani watu wazima wamekaa ofisini, na kalamu zao, na kiyoyozi, wakatengeneza injini isiyojua kunawa?

— Na tena inavuta moshi wake yenyewe. Mvuke wa oili ukitoka chini, unarudishwa juu iuvute.

— Toka hapa! Kinyozi alisimama, kahawa ikammwagikia kiatuni. Inajipumulia usoni?

— Ndivyo ilivyoundwa.

— Mimi nikimnyoa mtu halafu nimrudishie nywele zake kichwani, mtanielewa?

Nukta alikohoa. Akikohoa hivyo, wote walijua kuna jambo.

— Nyie mnalaumu injini. Jiulizeni nani anauza brashi. Mwenye kiwanda cha injini ana shemeji yake mwenye kiwanda cha brashi. Wamekaa mezani, wamekula, wamekubaliana. Nukta.

— Kwa hilo la brashi, mwuza kahawa aliingilia kwa upole, ile mliyosugulia ni ya kuoshea chupa ya mwanangu.

Mtoto mgongoni akapiga chafya.

— Tutairudisha, shemeji, alisema Dereva.

— Msiirudishe!

— Tutaichemsha.

— Hata mkiichemsha mpaka Ijumaa, kaka yangu, kaeni nayo.

Aliyasema hayo akicheka, kwa sababu alikuwa amemwona Dereva alfajiri akiisugulia valvu ile polepole, ulimi nje, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Huwezi kumkasirikia mtu wa namna hiyo kwa brashi.

— Tumwache huyo shemeji wa kiwanda cha brashi, alisema Kinyozi. Mwizi wetu ni fundi. Ukimpelekea gari, anakutuma ukamletee oili. Ukirudi, keshapuliza masizi ndani kwa mrija. Halafu anatikisa kichwa: "Aisee, pamechafuka humu." Wewe unamshukuru!

— Na spana yangu namba kumi kaiba nani? aliuliza Dereva. Mara ya mwisho nilikuwa nayo hapa hapa.

— Fundi!

— Fundi hakuja leo.

— Ndivyo wanavyoiba hao. Hawaji.

— Hamjafika bado, alisema Nukta, akasogea mbele ya benchi. Masizi ni ugonjwa. Gari bovu likisimama mbele yako kwenye foleni, linakukoholea. Lako linavuta. Siku ya tatu, kifua kimebana. Mimi nimeandika barua kwamba magari yanayokohoa yatengwe, yapewe barabara yao. Mwaka wa nne huu sijajibiwa. Nukta!

— Umemwandikia nani? aliuliza mwuza kahawa.

— Wahusika.

Dereva akatazama saa, akanywa tone la mwisho, akachomoa ufunguo mfukoni. Wote wakanyanyuka pamoja naye. Aliingia garini akaacha mlango wazi, akaingiza ufunguo, na Kinyozi akanyoosha mkono kama anayewanyamazisha watu msikitini.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ya pili ulipofunguka. Bibi, mama yake Dereva, alitoka akifuata ukuta kwa bega, kavaa nguo yake ya kutokea, kashika bahasha ya kliniki kwa mkono mmoja na kifurushi kidogo kwa mwingine.

— Yuko wapi mwenye shuka? aliuliza.

— Niko hapa, Bibi. Mwuza kahawa akamkimbilia, akamshika kiwiko.

— Shika vitambaa vyako, mwanangu. Umetoa shuka la mtoto likachanwa, nikaona si vizuri virudi vichafu. Nimevifua, nimevianika.

Mwuza kahawa akavipokea. Mtu anayekwenda kupasuliwa jicho ameinama bombani kufua matambara ya injini, kwa kubahatisha, ili yeye asione hasara. Vilikuwa na unyevu bado, na maua yake madogo ya bluu yalionekana vizuri.

— Ni vitatu, Bibi aliendelea. Nimevihesabu kwa vidole. Hebu niambieni, mliziba kwa vingapi?

Mkono wa Dereva ulikuwa bado kwenye ufunguo.

— Vitatu, alisema Kinyozi. Matundu ni manne. Ukisafisha moja, yanazibwa matatu.

— Lakini tulipokwenda kunywa chai tuliyaziba yote, alisema Dereva.

— Tuliyaziba? Au tulisema tuyazibe?

— Wewe si ndiye uliyechana shuka!

— Nilichana, sikuhesabu! Mimi karani?

— Vinne, alisema Nukta. Au vitatu.

Wakamngoja amalizie. Hakumalizia. Ilikuwa mara ya kwanza benchi lile kuisikia sentensi yake ikibaki wazi.

— Nikiwasha na cha nne kimo ndani, injini itakimeza, alisema Dereva. Valvu haitafunga tena, tumekwisha. Nikifungua nitazame, saa sita itanikuta hapa. Mama, nifanyeje?

— Mimi nimeuliza tu, mwanangu.

Dereva akautazama uso wa mama yake. Kisha akachomoa ufunguo, akauweka juu ya benchi katikati ya vikombe.

— Nipeni spana namba kumi.

Kinyozi akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, taratibu sana, akaitoa. Hakuna aliyemtaja fundi.

Na Nukta, ambaye watu walidhani amesimikwa pale pamoja na tofali, akawa tayari amevaa koti.

— Bibi, nipe mkono. Tunapanda basi. Ngazi zote nitakuhesabia, moja moja, kwa sauti. Na wewe Dereva, kwenda tunakwenda wenyewe, lakini kurudi jicho litakuwa limefungwa, halitaki kusukumwasukumwa. Gari lije. Nukta.

Mwuza kahawa aliwasindikiza kwa macho mpaka kona. Nukta alikuwa ameinama kidogo ili bega lake lilingane na mkono wa Bibi.

Bomba la hewa likafunguliwa tena, bolti kwa bolti. Tundu la kwanza, tupu. La pili, tupu. Mwuza kahawa akamshikia Dereva taa ya simu. Tundu la tatu, tupu. Kinyozi akaanza kuvuta pumzi ya kusema, "Si niliwaambia." Tundu la nne, chini kabisa, pembeni, palikuwa na ua moja dogo la bluu.

Dereva akalivuta kwa kibano cha nyusi alicholetewa kutoka saluni ya Kinyozi. Kitambaa kikatoka chote. Akakaa chini, mgongo kwenye tairi, akajifunika nacho uso, na mabega yakawa yanatikisika. Mwuza kahawa hakuuliza kama ni kicheko. Akageuza birika juu ya kikombe cha Dereva, yakatoka matone mawili, kahawa ikawa imekwisha.

Kinyozi alisimama akiitazama injini, mikono kiunoni, amekasirika upya kabisa.

— Na hii nayo! Injini ya watu wenye akili si ingekitema?