Mguu Niliompelekea Mama

Wenzangu wa kikundi hiki cha waliovunjika, mniruhusu niseme nikiwa nimesimama. Viti viko, naviona, asanteni. Lakini nilikaa siku nyingi mno, na leo nina hamu ya kusimama mbele ya watu.

Nilivyoanguka wengi mnajua. Nilikuwa natoka Bwegera kununua mchele, moto, pikipiki niliyoipanda, ikateleza kwenye tope, tukaenda chini. Dereva simtaji, naye aliumia, na tope halina wa kulishitaki. Goti langu la kulia likapinda upande ambao goti halipindi. Nikafungwa plasta, nikalala, nikatoka na magongo. Hayo ni ya mwili. Ya moyo ndiyo niliyokuja kuyashuhudia.

Mama yangu anakaa juu, kijiji kidogo kwenye njia ya kwenda Rurambo. Gari linaishia chini ya mlima. Kutoka pale ni moto au miguu. Miguu sikuwa nayo, na moto, hata ikipita tu hapo barabarani, viganja vyangu vilikuwa vinalowa jasho. Mama naye, magoti yake ya uzee yamekataa kushuka. Simu kule haishiki. Basi habari zangu zilipanda kwa midomo ya watu, na habari ikipanda mlima huongezewa mzigo njiani. Mimi nilivunjika goti hapa chini. Kule juu ikafika kwamba mguu umekatwa.

Nikatuma watu wamwambie mguu upo. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama, maana sisi tunajuana. Nani kati yetu amewahi kumpa mzazi mzee habari mbaya siku ileile? Tunamficha. Mtu amekufa, tunasema anaumwa kidogo. Mto umechukua nyumba, tunasema maji yamegusa kizingiti. Mama amezeeka katika desturi hiyo. Yeye mwenyewe amewaficha wazee wengi. Kwa hiyo kila aliyemwambia "mguu upo", mama alimtazama kwa huruma na kumjibu, "Asante, mwanangu. Umesema vizuri." Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kulia.

Nikapeleka picha katika simu ya jirani. Akaitazama, akairudisha. "Iyi iko ya zamani," akasema. "Hapa alikuwa nao bado."

Miezi na miezi mama aliulilia mguu wangu kama marehemu, na marehemu mwenyewe yuko hapa mjini, Rugenge, anavaa kiatu. Dawa ilikuwa moja tu: mguu ufike.

Hapa hospitalini tuna yule mtu wa kunyoosha viungo, tunayemwita kine. Nyote mmepita mikononi mwake, mnajua utani wake. Akaniambia kutembea mlimani kutanivimbisha goti, ila kukanyaga pedali kutalitia nguvu. Akashusha ukutani baiskeli kuukuu, kinga kama tunavyoiita, yenye vitesse, gia za kubadilisha mwendo.

"Mama, panda kinga."

"Minye? Na hii miaka arobaini na mbili?"

"Kinga haiulize kitambulisho, mama."

Sikuwa nimewahi kupanda baiskeli hata siku moja. Nikavaa suruali ndani ya kitenge, nikaanza kwenye barabara ya kandokando ya ziwa, pale kwenye tambarare. Siku ya kwanza niliingia moja kwa moja kwenye nyavu za akina mama wanaoanika ndagala. Mmoja akaniinua kwa kwapa, samaki wadogo wamenijaa kwenye nywele.

"Ee mama, hapa tunaanika ndagala. Watu hatuanike!"

Nikajifunza. Na mwalimu wangu mkubwa akawa upepo. Mchana upepo wa ziwa unakuja usoni kama mtu mwenye hasira. Niligundua siri yake: inamisha kichwa, kaza meno, kanyaga kwa nguvu zote. Baada ya muda kidogo yeye ndiye anayechoka, wewe unapita. Kila siku nilimshinda. Mapaja yakarudi, magongo nikayaacha nyuma ya mlango. Nikajiona bingwa. Nikasema, mama, ngoja, nakuja.

Jumamosi ya kwanza gari likanishusha chini ya mlima, baiskeli ikateremshwa kutoka juu ya gari. Nikautazama mlima. Nikainamisha kichwa, nikakaza meno, nikakanyaga kwa nguvu zote.

Sikufika hata kona ya kwanza. Pumzi iliisha kama mshumaa. Na baiskeli ikisimama mlimani, wenzangu, haisimami, inaanza kurudi. Nikarudi nayo, kinyumenyume, hadi mtaroni.

Palikuwa na wanaume wanaopandisha chumvi na sabuni kwa baiskeli na kushusha maziwa. Mzigo wao haupandwi, unasukumwa, watu wawili kwa baiskeli moja. Walicheka kwanza, kisha wakanitoa mtaroni. Jumamosi ya pili nikapigana vilevile, nikaingia mtaro uleule. Ya tatu pia. Siku hiyo nililia mbele yao bila aibu. Nikamwambia Mungu, mwache mama na mguu aliokwisha kuuzika. Nikarudi mjini, nikaiegesha baiskeli uani, nikawa naanika nguo juu yake.

Hayo ndiyo maanguko yangu, ndugu zangu. Moto ilivunja goti; mtaro ule ulinivunja mimi. Nilikuwa naamka, naitazama milima juu ya mji, kisha naenda kulala tena.

Kilichoniinua kilikuwa kicheko. Mmoja wa wale wa maziwa aliuliza njia mpaka akafika nyumbani kwangu kunipa salamu. Walikuwa wamemweleza mama kwamba binti yake anajaribu kupanda mlima kwa kinga. Mama alikasirika.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, 'Hata bongo ya kudanganya muzee iko na mwisho wake. Muntu wa mguu moja, na kinga? Si mungesema tu ameota mabawa!'"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaondoa nguo zilizoanikwa.

Jumamosi hiyo, pale chini, mtu huyo aliegemeza mzigo wake. Ni mwembamba kama spoki, na anasema polepole.

"Weye, nimekuangalia sana. Unapigana na mulima sawa vile iko mupepo. Mupepo inachoka. Mulima haichoke."

"Sasa nifanye nini?"

"Anza ukiwa umechoka."

"Namna gani?"

"Anza sawa muntu anatoka shamba mangaribi, na jembe kwenye bega. Tia vitesse ile ndogo kabisa. Usiangalie juu. Angalia tairi yako."

Vitesse ndogo! Nilikuwa naionea haya. Kule kwenye tambarare, ukiitia, miguu inazunguka kama ya kuku anayefukuzwa na baiskeli haiendi popote, watu wanacheka. Lakini nilikuwa nimekwisha kulala mtaroni mara tatu. Nikaitia.

Nawaambia, polepole ile ilikuwa ya kudhalilisha. Wale wasukuma chumvi wakanipita. Mimi nimepanda, wao wanatembea na magunia, na wananipita!

"Mama, kule juu tukusalimie nani?"

"Msalimieni mama yangu, waongo nyinyi!"

Nikatazama tairi. Jiwe likaja, likapita. Jingine likaja, likapita. Kuimba kukanisaidia kupima pumzi, lakini nyimbo za sifa zina mbio sana. Mlima unataka zile za matanga. Basi nikapanda nikiimba za matanga, nafsi yangu ikicheka ndani kama maji ya kijito. Nilipoinua macho, mtaro ulikuwa nyuma yangu. Chini yangu bonde lote la Ruzizi lilikuwa limefunguka, mashamba ya mpunga yakimeremeta, na mbali kidogo ziwa, limetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikuwa nimeishi kando ya ziwa lile tangu nilipoolewa, na sikujua kama ni zuri kiasi hicho.

Nilifika kona ya pili tu, nikashuka. Jumamosi iliyofuata nikafika kwenye chemchemi. Halafu kwenye mikaratusi. Wiki moja mvua ilinirudisha nyuma mpaka kona ya kwanza. Nikarudi nyumbani nimelowa, lakini nguo sikuanika tena kwenye baiskeli. Kila nilipofika, wale wanaume walipeleka habari juu, na kila mara mama aliwashukuru kwa upole na asiamini.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Nilipumzika mara nne, nikapanda mara tano. Kwenye mwinuko wa mwisho goti lilitetemeka, nami nikaliambia, twende, mzee wangu, kuna mtu amekulilia.

Mama alikuwa mlangoni, anatoa maharage kwenye maganda. Aliiona baiskeli kwanza, kisha mimi. Hakuinuka. Hakunisalimu.

"Shuka," akasema.

Nikashuka.

"Kuja hapa."

Akainua kitenge changu, akapandisha suruali hadi gotini. Akakunja vidole, akagonga muundi wangu: ko, ko, ko, kama mtu mlangoni kwa jirani. Alikuwa anasikiliza kama ni mguu wa mti! Hakuridhika. Akanifinya kwa kucha zake zote. Nikapiga ukelele.

"Inauma?"

"Inauma, mama!"

"Inauma!" akaita, maharage yakamwagika. "Muje! Inauma! Mguu inauma!"

Vigelegele vikapita nyumba hadi nyumba. Majirani wakaja, na kila mmoja akagonga, hata mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa anapita njia. Nami nilisimama pale, ninagongwa, ninalia, ninacheka. Mama alipomaliza kunikumbatia alirudi nyuma hatua moja, uso ukakunjamana.

"Na machozi yangu yale yote," akasema, "nani ananirudishia?"

Wenzangu, namshukuru kine wetu. Nawashukuru akina mama wa ndagala walionitoa magamba kwenye nywele. Nawashukuru wale wasukuma chumvi. Majina yao siyataji, wao wanajijua, na Mungu anawajua kwa jasho lao. Nawashukuru nyinyi, mlioniuliza kila mkutano, "Umefika kona gani?" bila kuniuliza kwa nini sijafika.

Funzo langu ni dogo. Shida nyingine ni upepo: ikabili kwa nguvu zote, itachoka. Shida nyingine ni mlima. Hiyo usiipige. Tia vitesse ndogo, vumilia wanaokupita, tazama tairi. Aliyevunjika jana asiogope kwenda polepole.

Sasa napanda kila baada ya wiki mbili. Juzi nilimweleza mama habari za kikundi hiki, mmoja mmoja, mkono wa huyu, nyonga ya yule. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Unanificha. Wako wazima hao kweli?" Nikaapa. Akasema, "Basi wakuje. Maziwa iko. Lakini waambie, minye nitagonga kila mumoja."