Fundi Guniya na Mkono Ulioshika Ubao

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Guniya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa mshona viatu na mkewe. Anayewasomea haya ni dada yake mdogo, kwa niaba ya mjane, ambaye ameomba yasemwe yote bila kupambwa. Amechoka, na mapambo yanachosha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha chuo cha ufundi, akatoka Novemba 1969 na cheti cha useremala. Mwalimu wake alimzawadia guniya, kile kipimo ambacho seremala hukiegemeza kwenye ubao kujua kama kona imekaa sawa. Watu hubishana na wake zao, hubishana na mabosi. Yeye hakuna aliyemwona akibishana na guniya, na ndipo jina lilipotoka.

Alifanya kazi kiwanda cha milango tangu Januari 1970 hadi alipostaafu Desemba 2009. Aliondoka na vidole vyake vyote kumi, na kwa maseremala hilo si jambo dogo.

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Walijaliwa mabinti wawili, na waliishi vizuri, kwa kelele za kawaida.

Tarehe 2 Juni 2012 alinunua msumeno wa umeme, mkuukuu, kutoka karakana iliyokuwa inafungwa. Ni ule ambao jisu la mviringo huning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza, na fundi hulivuta kuja kwake huku ubao umetulia. Wanaume wanne waliubeba, wakavunja kizingiti cha mlango wa nyuma. Katika vurugu hiyo guniya ilianguka kwenye saruji. Aliipangusa kwa shati akairudisha mfukoni. Cherehani ya mkewe ikahamishiwa ukumbini.

"Vumilia, mke wangu," alimwambia. "Kitu cha kwanza ni kabati lako la vyombo."

Basi kila Jumamosi alilinganisha ule mkono wa msumeno kwa guniya, akakaza bolti, akavuta jisu. Wifi yetu alishika ncha ya mbali ya ubao, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Vipande vikiunganishwa, kabati lilikaa upande na mlango haukufunga. Fundi aliweka guniya kwenye kona ya ubao.

"Guniya inasema sawa. Wewe umetikisa."

"Sijatikisa, baba watoto."

"Basi umepumua."

Majirani wakaidaka kauli hiyo. Geti la mtu likilegea, wanauliza nani ametikisa. Wifi alicheka nao barazani, kisha akaingia ndani akalia. Kumwambia mshonaji kwamba mkono wake hautulii ni kumtukana, na aliambiwa hivyo miaka kumi na moja.

Februari 2023 moyo wa marehemu ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Wifi alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, huku mgongo wake mwenyewe ukimuuma. Oktoba, akitaka kumkatia fulana pana ya kulalia, aliichukua guniya achore mstari kwenye karatasi. Mshonaji haamini kipimo kigeni. Aliiegemeza kwenye ukingo wa karatasi akachora mstari, akaigeuza upande wa pili, akachora tena juu ya ule ule. Mistari ilipaswa kulaliana. Ilianzia pamoja chini, na juu ikaachana kwa upana wa punje ya mchele: guniya yenyewe ilikuwa imepinda.

Siku mbili aliificha ile karatasi. Kumshinda mgonjwa, alisema baadaye, si ushindi. Siku ya tatu akaja jirani kumjulia hali, na marehemu akaanza tena hadithi ya mkono unaotikisika. Wifi alileta karatasi na guniya, akaiweka karatasi juu ya mapaja ya mumewe, akachora tena mistari yote miwili.

Marehemu aliomba aoneshwe tena. Jirani akaaga.

"Ilianguka siku ile ya kubeba msumeno," marehemu alimwambia mkewe. "Nimekusingizia mbele za watu."

"Ndiyo."

"Basi inabidi niombe radhi mbele za watu."

Lakini hakuweza tena kufika hata barazani. Akamwita dada yake, akamwagiza maneno, akamrudisha mara tatu ayaseme bila kukosea. Alifariki nyumbani tarehe 21 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na kabati ambalo mlango wake haufungi. Na maneno aliyoagiza ni haya, nanyi majirani myasikie: "Mke wangu hakutikisa ubao. Hata siku moja."

Mungu ampumzishe fundi kwa amani. Nawe wifi, kaa chini sasa, upumzike.