Uani kwa Mama Apolinaria, Hapa Mlipokaa

Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Ipuli: mimi ni Julieth, mtoto wa mwisho wa marehemu. Kaka yangu Deus alishauri wasifu huu uwe mfupi na aya moja iondolewe. Aya hiyo mtaisikia, na kwenye ratiba mliyoshika imechapwa.

Mama Apolinaria Masolwa alizaliwa Puge, wilayani Nzega, tarehe 14 Machi 1951. Nyumbani kwao palikuwa karibu na boma la kale, kando ya njia ya zamani ya misafara. Boma lenyewe lilikwishaanguka. Kilichobaki ni uzio wake wa minyaa, au manyara kama wengi wetu tunavyosema. Bibi alimkataza kuigusa kwa sababu utomvu wake unapofusha macho. Basi huko ndiko alikoshinda.

Alianza shule Puge mwaka 1959 na kumaliza sekondari hapa Tabora mwaka 1970. Mwalimu wa sayansi alimfundisha kwamba mnyaa haupewi jina kwa kutazama shina peke yake. Sharti uone ua lake. Maneno hayo aliyashika kuliko katekisimu.

Aliajiriwa reli mwaka 1972, dirisha la tiketi, akastaafu mwaka 2006. Likizo zake hazikuwa za kupumzika. Alishuka vituo vidogo, akatembea kwa miguu kwenye kambi za zamani za misafara akitafuta mabaki ya nyuzio. Alisema kila kijiji cha njiani kilijizungushia minyaa kuzuia wavamizi, na fito zilitoka popote zilipopatikana, hivyo uzio mmoja mkongwe unaweza kuficha mnyaa usiouona kwingine. Akiupata, alikata kipande, akakilaza kivulini mpaka kidonda kikauke, kisha akakipanda hapa uani. Alihesabu pembe za shina, akatazama miiba imekaa miwilimiwili au mmojammoja, akangoja mnyaa uchanue. Wapita njia walidhani ni dawa. Yeye aliiita bustani.

Tarehe 5 Julai 1975 alifunga ndoa na baba yetu, Anselm, fundi wa reli. Wiki ya harusi alimbebesha baba mnyaa kwenye keria ya baiskeli, utomvu ukamrukia. Picha ya harusi mnaijua: bwana harusi ana jicho moja limefungwa bandeji. Hadi alipofariki mwaka 1998, baba aliwauliza wageni, "Hivi mimi nilioa mke au nilioa uzio?" Mama alicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Mwaka 2011 alirudi Puge, kwenye lile boma la utotoni, akakuta mnyaa mmoja ambao hakuwahi kuuona: shina limejisokota, na miiba myekundu imeota upande mmoja tu. Akauleta. Mtaalamu wa mimea wa Dar es Salaam alipotumiwa picha alimjibu, "Mama, huu siujui. Ukichanua, niite nije." Mama akangoja. Kila kiangazi aliutazama asubuhi kabla ya kunywa chai, na kila kiangazi haukuchanua. Mwishoni mwa Mei mwaka huu wa 2024 ulitoa vitumba. Alinipigia simu akilia kwa furaha.

Tarehe 3 Juni figo zilimzidia, tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Mimi nilikwenda naye. Hii ndiyo aya yenyewe.

Jioni ileile kamati ya mazishi ilikaa hapa, mwenyekiti kaka Deus. Waliona uwanja hautatosha maturubai mawili na jiko la kupikia. Kesho yake wakaita vijana wenye mapanga, minyaa yote ikafyekwa, ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikachomwa. Mama alikuwa anapumua, tena siku hiyo alikunywa uji.

Tarehe 22 Juni aliruhusiwa. Bajaji ilipotufikisha getini aliutazama uwanja mweupe.

"Shikamoo, mama," alisema Deus.

"Marahaba. Mnategemea wageni?"

"Hapana mama, tumepanua tu uwanja kidogo."

"Uwanja wa nini, baba?"

Baba mdogo Majidi akasema, "Shemeji, tulijua hali siyo nzuri. Mambo haya hayataki kushtukizwa."

Mama hakumgombeza mtu. Aliuliza swali moja tu. "Deus, ule wa Puge, vitumba vilikuwa vimefunguka? Ua lake lilikuwa na rangi gani?"

"Sikuangalia, mama."

Nimejaribu kumsamehe kwa panga. Kwa kutoangalia, bado nimeshindwa.

Tuliporudi Puge na kaka Godbless kutafuta mwingine, tulikuta boma la kale limesawazishwa kwa trekta, pamelimwa alizeti. Tulimwambia mama ukweli. Akasema, "Haya," akageukia ukutani. Hakuomba tena kutolewa nje. Alifariki tarehe 9 Julai 2024, saa kumi na moja alfajiri, chumbani kwake.

Ameacha watoto watatu, Deus, Godbless na mimi, pamoja na wajukuu saba. Desturi yetu ni kupanda mnyaa kichwani pa kaburi. Leo tutapanda wa kawaida, tuliouomba kwenye uzio wa jirani, kwa sababu kwa Mama Apolinaria hakuna hata mmoja uliosalia. Maturubai yameenea vizuri, viti vimetosha, na hakuna aliyekaa juani.

Mungu ampe mama yetu pumziko, na huko aliko amwoneshe lile ua.