Gitaa la Mwaka 1961

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya kaka yetu, fundi magitaa, ambaye wengi wenu mlimwita Bisibisi, naye akaitika bila kununa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968, kisha chuo cha ufundi wa redio, alikohitimu mwaka 1973.

Mwaka 1975 alifungua karakana juu ya duka la viatu, akajulikana kwa kutambua umri wa magitaa ya umeme, akisoma muhuri wa mwaka kwenye vipande vya sauti, vile vinavyonasa mlio wa nyuzi, akichungulia kama lehemu ya nyaya zake imeguswa, akifungua shingo kutazama tarehe iliyoandikwa kwa penseli kiwandani. Wauzaji waliomsihi aongeze miaka waliondoka mikono mitupu, kwani alisema gitaa si mtu, halina haja ya kudanganya umri.

Tarehe 8 Septemba 1984 alimwoa shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Shemeji alikuja na gitaa la baba yake, aliyeihama familia shemeji akiwa mdogo, baada ya kumwambia kwamba alilinunua jipya mwaka 1961 kwa furaha ya kuzaliwa kwake, na neno hilo ndilo urithi pekee aliomwachia. Marehemu alilitundika sebuleni, na kila alipoulizwa umri wa gitaa hilo alijibu kwamba la mkwe halifunguliwi.

Januari 2022 aliugua mapafu, akalazwa mara kadhaa, akafariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mkewe akiwa kando yake. Tangu hapo shemeji hajalia, anauliza tu kama wageni wamekula.

Jana alitaka mwaka wa gitaa usomwe hapa kwa uhakika, akamwomba fundi mwenza wa marehemu alifungue. Muhuri ulisema 1961, lakini fundi alituonyesha kwamba lehemu ilikuwa ya mkono wa marehemu, penseli ya shingoni ilikuwa imefutwa kwa msasa, na magitaa ya umbo lile hayakutengenezwa kabla ya 1967. Vile vipande vya 1961 marehemu alivitafuta akavitia mwenyewe, lini hatujui. Shemeji alitazama, akauliza kama litafungika vizuri, kisha akasema, "Andikeni 1961."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti, na mafundi wenzake mliofunga karakana zenu leo.

Fundi, tumeandika 1961. Pumzika kwa amani.