Kamanda, Mwalimu wa Mbwa Walioshindikana

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita, Kamanda atakabidhi funguo za mabanda baada ya kukitumikia kituo chetu cha mafunzo ya mbwa kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Wengi wetu tulimkuta tayari ana jina hilo. Lilitokana na sauti yake. Husimuliwa kwamba siku moja alimwamuru mbwa aketi, na karani wa mapokezi, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, akaketi pia.

Kwa miaka kumi na tisa ya mwanzo hakuna mbwa aliyemshinda. Wenye kubweka ovyo, wenye kurukia wageni, wote walipita mikononi mwake na kola ya mnyororo, ile inayokaba shingo ikivutwa, wakarudi kwao wameshika adabu. Mara tatu alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora.

Kisha akaletwa jike wa rangi ya majivu, mbwa wa bibi mmoja aliyekuwa akiishi na mjukuu wake. Kosa la mbwa huyo lilikuwa kunguruma kila aliposogelewa. Kila aliponguruma, Kamanda alivuta mnyororo. Kufikia wiki ya tatu mbwa alikuwa kimya kabisa, na bibi akamchukua kwa furaha. Siku ya tisa baada ya kurudi nyumbani, mjukuu aliinama kumkumbatia. Mbwa hakutoa sauti yoyote, alimng'ata shavuni. Mtoto alishonwa nyuzi kumi na moja. Mbwa alichomwa sindano ya mwisho na daktari wa mifugo, Kamanda akiwa amemshika kichwa.

Hakuna aliyemlaumu. Bibi mwenyewe alisema mnyama ni mnyama tu. Hata hivyo Kamanda alikwenda nyumbani kwa bibi huyo, akakataa kiti, akamwambia akiwa amesimama mlangoni: "Mama, mbwa wako alikuwa anatuonya. Mimi nilimfundisha kunyamaza, sikumwondolea hofu." Haya tuliyasikia kwa dereva aliyempeleka. Kamanda mwenyewe hakuyagusia hata siku moja.

Tangu hapo aliiweka kola kando. Alianza kukaa chini nje ya banda, ameupa mlango mgongo, akirusha vipande vya maini yaliyochemshwa bila kumtazama mbwa. Mbwa akinguruma, Kamanda alisogea mbali kidogo, akaandika daftarini ni hatua ngapi mbwa yule aliweza kuvumilia. Kazi ya wiki tatu ikawa ya miezi mitano. Wateja walinung'unika. Wakufunzi wenzake walisema mzee ameishiwa, sasa anafundishwa na mbwa. Akaondolewa kwenye madarasa, akapewa banda la nyuma, la mbwa walioshindikana.

Mwaka huohuo mkewe alifariki, na binti yao alikuwa ameshaolewa mbali. Kamanda alikula chakula chake cha mchana kule nyuma, peke yake, nasi tukasema anapenda kuwa pweke. Haikuwa kweli. Ni sisi tuliokuwa hatuendi. Nami nilikuwa mmojawapo. Kwa miaka minne salamu yangu kwake ilikuwa kumpungia mkono kutoka dirishani.

Nilikwenda siku niliyoshindwa na mbwa wangu mwenyewe. Alinisogezea kigoda. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Tulikaa saa nzima, hadi mbwa wangu alipolala.

Kutoka banda lile la nyuma, mbwa sitini na wanne wamepata makao, na hatujaletewa habari ya hata mmoja aliyeng'ata mtu. Leo kituo kizima kinafundisha kwa njia yake, wakiwemo waliomcheka.

Sherehe kubwa ameikataa. Ameomba jambo moja tu: ukuta wa ukumbi wa kumuaga unapakana na chumba cha mbwa aliyeletwa Jumatatu, ambaye kelele kidogo tu humtetemesha. Kwa hiyo, wageni wapendwa, jina la Kamanda likitajwa, tafadhali tusipige makofi. Tusimame tu.

Kamanda, ahsante kwa subira yako, kwao na kwetu. Mungu akupe afya na usingizi mwororo. Tunajua nyumba unayorudi ina kimya kingi. Safari hii hatutapunga mkono dirishani. Tutakuja, tutapiga hodi, na tutangoja hadi utufungulie.