Aune Rautiola na Mgongo Alioutambua Ukumbini

Ndugu waombolezaji, mengi ya haya tuliyasikia kwanza kwa Bi Saimi Hietapelto, mdogo wake marehemu, ambaye yupo nasi hapa mbele, na alipotuhadithia alitutaka tusipunguze neno.

Marehemu Aune Kyllikki Rautiola alizaliwa tarehe 3 Novemba 1931 katika kijiji cha Haukikoski, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Kalle Hietapelto na Bibi Elviira, wakulima wadogo wenye ng'ombe wanne na farasi mmoja. Alianza shule ya kijiji mwaka 1938, masomo yakakatika vita vilipoanza na wanajeshi wakalichukua jengo, akamaliza mwaka 1945, na mwaka 1947 akapata kipaimara. Nyumbani kwao hapakuwa na desturi ya kukumbatiana, hata baba yao alipoondoka kwenda vitani mwaka 1941 alimpa kila mtu mkono pale mlangoni, akaenda, na hakurudi.

Tarehe 1 Machi 1948 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa cha kijiji, akianza kwa kuosha mitungi na baadaye kutengeneza siagi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1991. Wenzake wanakumbuka kwamba hakuwa msemaji, ila akisema, mtu alinyamaza kwanza, kisha akacheka akiwa njiani kurudi nyumbani.

Alifunga ndoa na Bwana Eljas Rautiola, mwendesha magogo mtoni, tarehe 24 Juni 1952, wakajaliwa watoto watatu, Raili, Tapani na Sirkka, wajukuu saba na vitukuu watano. Matangazo ya ndoa hiyo yalikuwa yasomwe kanisani tangu Februari, lakini Aune aliyazuia mwenyewe, na sababu yake aliagiza isomwe mwisho, watu wakiwa wameshakunywa kahawa.

Bwana Eljas alifariki tarehe 12 Septemba 1998. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo majira ya kuchipua ya mwaka 2022, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na tarehe 9 Januari 2024, asubuhi, alifariki akiwa na binti yake Raili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani, na akina mama waliooka mikate ya iliki iliyo mezani.

Sasa lile aliloagiza. Julai 1951 watu wa sinema walikuja kutoka Helsinki kutengeneza hadithi ya mapenzi ya mwendesha magogo na binti wa tajiri, wakamwajiri Eljas, aliyekuwa amemchumbia Aune majuma machache kabla, ili asimame juu ya gogo kwenye maporomoko badala ya mwigizaji mkuu, na hilo kijiji kizima kililijua. Ambalo halikujulikana ni kwamba siku ya mwisho mwigizaji huyo alikuwa ameshaitwa mjini kwenye tamthilia yake, kumbatio la wapenzi hao langoni likiwa bado halijapigwa picha, kwa hiyo Eljas akavishwa koti na kofia ya mwenzake, akaambiwa aipe kamera mgongo.

Sinema ililetwa kijijini tarehe 16 Februari 1952, Jumamosi, katika ukumbi wa wafanyakazi, akina mama wakiwa na leso tayari mkononi. Yule mwanamume alipomvuta binti taratibu na kuweka kidevu juu ya nywele zake, ukumbi mzima ulikuwa unalia, isipokuwa Aune, ambaye alikuwa akitazama kisigino cha kulia, jinsi kilivyogusa ardhi kwa shida, kwa sababu mguu ule wa Eljas uliwahi kubanwa na gogo.

"Yule ni Eljas," alisema.

"Dada, usinichekeshe, watu wanalia," Saimi akamwambia.

"Ni Eljas. Kumbe anajua kukumbatia."

Kabla ya ibada ya kesho yake matangazo yalikuwa yameshazuiwa. Eljas alipokuja, Aune alimuuliza swali moja, "Mbona hukuniambia?" naye akajibu, "Hukuuliza." Wivu hakuwa nao, alimweleza Saimi, yule binti alikuwa kazini, kilichomuuma ni kwamba Eljas alikuwa akimpa mkono kama karani wa posta, naye akadhani ndivyo wanaume walivyo, na hakutaka kuzeeka na mtu aliyeuacha upole wake wote kwenye filamu.

Hawakusemezana tena hadi tarehe 23 Aprili, Eljas alipofika kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, wakulima wakiwa kwenye foleni na mitungi yao, akasimama mbele ya Aune.

"Yule mwongozaji wa sinema alinirudisha mwanzo mara nyingi," alisema. "Anasema namshika yule dada kama gunia la unga. Mwisho akaniambia, mshike yule unayeogopa kumkosa."

"Ukamshika nani?"

"Wewe. Yeye alikuwa amesimama tu hapo."

Kisha akajaribu. Alikakamaa kama nguzo, mikono ikawa inatetemeka, na Bwana Tahvo, mkulima, akamwambia kutoka juu ya gari lake la farasi, "We Eljas, huyo si gogo, hazami."

"Yule wa kwenye sinema anakuzidi," Aune alisema, uso ukiwa umebanwa kwenye kifungo cha koti.

"Yule alilipwa."

Wakulima walicheka hata farasi wakashtuka, na Aune hakujitoa, kwa maana pale langoni, kwenye sinema, mikono ile haikutetemeka hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu yake, alitembea kwenye matope ya theluji hadi nyumbani kwa mchungaji, akaomba matangazo yasomwe Jumapili hiyo. Mchungaji alimuuliza kama safari hii ana hakika.

"Hajui kukumbatia, Mchungaji," Aune alisema. "Andika tu."

Mama yetu, lala kwa amani.